Kumwambia Mtoto Habari ya Mauti: Yaliyopokewa Katika Sunna na Historia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeumba mauti na uhai. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekulia katika uyatima kisha akawa mlezi wa mayatima, pamoja na jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa mambo yanayoletwa mara kwa mara mbele ya maimamu na walimu wa madrasa ni hili. Nyumba imefiwa na ndani yake mna watoto wadogo. Maiti ameoshwa, amekafiniwa, ameswaliwa na kuzikwa, na watoto wamepelekwa kwa jirani tangu asubuhi ili wasione. Jioni wanaporudishwa, mmoja wao huuliza, "Mama yuko wapi?" Hujibiwa, "Amesafiri." Akiuliza lini atarudi, huambiwa, "Atarudi inshallah." Basi mtoto huyo hukaa mlangoni akimngojea msafiri asiyerudi, na jina la Mwenyezi Mungu limekwisha kutiwa katika ahadi isiyo ya kweli.

Wanaosema hivyo hawakusudii ubaya. Wanamhurumia mtoto, na huruma ni katika dini. Lakini swali la kisharia linabaki: je, huruma hii ndiyo aliyoifundisha Mtume (S.A.W.)? Na je, ndivyo walivyokuwa watangulizi wetu? Katika makala haya tumeona tulitazame jambo hili kupitia sira, hadithi, fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.) na historia ya wanavyuoni. Yatakayodhihiri, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ni kwamba wema waliotangulia hawakuwaficha watoto mauti. Waliwaambia ukweli kwa maneno machache, wakawakumbatia, na wakawadhaminia malezi. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja, na likikosekana moja, mawili yaliyobaki hupungukiwa.

MTOTO WA ABWA

Tuanze na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Lililo mashuhuri katika sira ni kuwa baba yake, Abdallah, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Kisha mama yake, Bibi Amina, alimchukua kwenda Yathrib kuwazuru wajomba wa ukoo wao wa Bani Najjar, na katika kurudi akafariki mahali paitwapo Abwa, baina ya Makka na Madina. Kwa riwaya ya Ibn Is-haq, mtoto alikuwa na miaka sita. Katika Maulidi ya Barzanji, ambayo watoto wetu wa pwani huisoma kila Mfunguo Sita, imetajwa miaka minne, pamoja na khitilafu ya mahali. Aliyemrudisha Makka ni Ummu Ayman, yule Bibi wa Kihabeshi. Akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, naye akafariki mtoto akiwa na miaka minane.

Tuzingatie tukio hilo la Abwa. Mtoto aliyetoka safarini na mama yake akarudi bila yeye hawezi kuambiwa kwamba mama kasafiri. Huyu aliyajua mauti mapema kuliko wengi wetu. Na kiasi cha nusu karne baadaye, kama ilivyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), alilizuru kaburi la mama yake, akalia na kuwaliza waliokuwa pamoja naye. Hapo ndipo alipohimiza kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha mauti. Kwa hiyo mafundisho yake juu ya mtoto aliyefiwa ni mafundisho ya mtu aliyekuwa mtoto huyo.

Hapa pana zingatio kwa walimu. Watoto wa madrasa zetu wamehifadhi kwa sauti nzuri kuwa Mtume wao alifiwa na baba, na mama, na babu, kabla ya kubaleghe. Ni ajabu kwamba mtoto anayeijua habari hiyo kwa moyo huonekana hawezi kuambiwa habari ya nyumba yake mwenyewe.

NDEGE WA ABU UMAYR

Bibi Ummu Sulaym (r.a.), mama yake Anas bin Malik (r.a.), alikuwa na mtoto mdogo aliyezaa na Abu Talha, akiitwa Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo akimchezea. Siku moja Mtume (S.A.W.) akaingia nyumbani kwao akamwona mtoto ana huzuni. Akauliza ana nini, akaambiwa kwamba ndege wake amekufa. Basi akamkabili mtoto mwenyewe, akamwita kwa kuniya yake, na kumwuliza habari za yule ndege. Asili ya hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Zamani alitokea mtu aliyewatia kasoro wanavyuoni wa hadithi kwamba wanapokea mambo yasiyo na faida, akaitoa hadithi hii kuwa mfano. Akajibiwa na mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, Abul-Abbas Ahmad at-Tabari, maarufu kwa jina la Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria (946). Aliandika kijuzuu kizima akatoa katika hadithi hii fupi kiasi cha faida sitini, na Ibn Hajar akazifupisha katika Fat-hul Bari. Humo mna masuala ya kumpa mtoto kuniya, kuzuru nyumba za watu, kumfanyia mtoto mzaha wa haki, na mengineyo.

Sisi tunataka kuangalia upande mmoja tu. Kiongozi wa umma, mwenye shughuli za wahyi, dola na jeshi, alisimama kwa ajili ya mauti ya ndege. Hakumwambia mtoto kuwa ndege ameruka na atarudi. Hakumwambia kuwa huyo ni ndege tu, nyamaza. Wala hakuwageukia wakubwa wazungumze juu ya kichwa cha mtoto. Aliiheshimu huzuni yake, akamwachia nafasi ya kuitaja. Kwa wengi wa watoto wetu, mauti ya kwanza kuyaona ni ya kifaranga, paka au mbuzi wa nyumbani. Hapo ndipo mzazi mwenye busara huanza mazungumzo, kabla msiba mkubwa haujabisha hodi.

NYUMBA YA JA'FAR

Tukio ambalo ndilo msingi wa mlango huu ni la mwaka wa 8 Hijria (629), katika vita vya Mu'ta, alipouawa shahidi Ja'far bin Abi Talib (r.a.), binamu yake Mtume (S.A.W.). Ja'far alikuwa kiongozi wa Waislamu waliohamia Uhabeshi. Huko ndiko mkewe, Asma bint Umays (r.a.), alikomzalia Abdallah, Muhammad na Awn. Walikuwa wamerudi Madina mwaka mmoja tu kabla yake.

Asma mwenyewe amesimulia kwamba siku hiyo alikuwa amekwisha kukanda unga, akawaosha watoto wake na kuwapaka mafuta. Mtume (S.A.W.) akaja, akataka aletewe watoto wa Ja'far. Akawakumbatia, akawanusa, na macho yake yakatiririka machozi. Asma akamwuliza kama imemfikia habari yoyote ya Ja'far na wenzake. Akamjibu kuwa naam, wameuawa siku ile. Asma akapiga ukelele na wanawake wakakusanyika. Mtume (S.A.W.) akarudi kwa watu wake na kuwaagiza wawapikie chakula jamaa wa Ja'far, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Kutokana na agizo hilo ndiyo ada yetu njema ya majirani kupeleka chakula nyumba ya msiba, na siyo wafiwa kuwapikia waja msibani.

Riwaya ya pili ni ya mtoto mwenyewe, Abdallah bin Ja'far (r.a.), ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba au minane hivi. Ameisimulia akiwa mtu mzima, nayo imo katika Musnad ya Imamu Ahmad. Anaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaacha jamaa wa Ja'far siku tatu, kisha akawaendea, akawakataza kumlilia ndugu yake baada ya siku ile. Akaamrisha aletewe watoto. Wakaletwa, na yeye msimulizi anajifananisha na wenziwe kama vifaranga. Mtume (S.A.W.) akamwita kinyozi akawanyoa vichwa vyao. Kisha akasema kuwa Muhammad amefanana na Abu Talib, na kwamba Abdallah amefanana naye yeye Mtume kwa umbo na tabia. Akaushika mkono wa Abdallah, akauinua, akamwomba Mwenyezi Mungu awe badala ya Ja'far kwa watu wake na ambariki Abdallah katika biashara ya mkono wake. Akaikariri mara tatu. Mama yao alipoutaja uyatima wao, alimwuliza vipi awahofie ufukara hali ya kuwa yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Ewe imamu, ewe mzazi, tuirudie riwaya hii taratibu. Kwanza, watoto hawakuondolewa. Waliitwa kwa majina ya baba yao, wakaletwa mbele. Pili, walimwona mkubwa wao akilia, na machozi yake yakawafundisha kwamba kulia si aibu wala si upungufu wa imani. Tatu, baada ya siku tatu aliwarudisha katika maisha ya kawaida kwa jambo la kawaida kabisa, nalo ni kunyolewa. Nne, aliwaambia wanafanana na nani. Mtoto aliyempoteza baba huogopa kuwa amekatika na mti wake, naye akawaonyesha kuwa wangali tawi la mti ule ule. Tano, aliwataja mbele yao kwamba yuko wa kuwasimamia. Katika riwaya hizi hatuoni hotuba ndefu. Tunaona mkono, machozi, jina na dhamana.

Wala ukweli huo haukumvunja mtoto. Abdallah bin Ja'far alikua akawa miongoni mwa watu wakarimu mno wa zama zake, mpaka ukarimu wake ukapigiwa mfano. Na Imamu Bukhari amepokea kwamba Abdallah bin Umar (r.a.) alipokuwa akimsalimia, humwita mwana wa mwenye mbawa mbili, kwa ile habari njema kwamba Ja'far amepewa mbawa Peponi. Yaani watu wa Madina hawakuliepuka jina la baba mbele ya mwanawe. Walimpa baba yake kila waliposalimiana naye.

UKWELI HAUNA UMRI

Huenda akasema msemaji: huyo ni Mtume, nasi ni watu dhaifu. Kumdanganya mtoto mdogo kidogo ili atulie kuna ubaya gani? Jibu limo katika hadithi ya Abdallah bin Amir (r.a.), aliyoipokea Abu Dawud. Anasimulia kuwa alipokuwa mtoto, mama yake alimwita nyumbani kwa kumwahidi kumpa kitu, na Mtume (S.A.W.) amekaa pale. Akamwuliza mama alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Akamfahamisha kwamba kama asingempa kitu, ingeandikwa juu yake kuwa ni uongo. Hii ni tende moja. Ikiwa ahadi ya tende ina hisabu, vipi ahadi ya kurudi mama?

Naye Mtume (S.A.W.) aliishika kanuni hii katika msiba wake mwenyewe. Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria wa Misri, alifariki mwaka wa 10 Hijria (632) hali ya kuwa hajatimiza miaka miwili. Alimshika akiwa katika kukata roho, akalia, akaeleza kuwa jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hasemi ila la kumridhisha Mola. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa mauti ya Ibrahim. Uvumi huo ungemfariji mzazi yeyote, tena ungewazidishia watu kumtukuza. Lakini alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake. Aliukataa uongo uliomfariji siku ile ile ya kuzika mwanawe.

Ama tauriya, yaani kusema neno la kweli lenye maana ya karibu na ya mbali, hilo ni suala jingine, na wengi hulitolea hoja kwa kisa cha Ummu Sulaym. Mwanawe aliugua, akafariki Abu Talha akiwa nje ya nyumba. Aliporudi na kuuliza hali ya mtoto, alijibiwa kuwa ametulia kuliko alivyokuwa. Akala, akapumzika. Kisha mkewe akampigia mfano wa watu walioazima kitu kisha mwenyewe akakitaka: je, wana haki ya kukizuia? Aliposema hapana, akampa habari ya mwanawe. Ibn Hajar ametaja kwamba mtoto huyu ndiye yule Abu Umayr mwenye ndege.

Kisa hiki ni sahihi, lakini hakiwi hoja ya kusema "amesafiri." Maneno ya Ummu Sulaym yalikuwa kweli kwa dhahiri yake. Ucheleweshaji wake haukupita usiku mmoja. Na mwisho wake ulikuwa ukweli mtupu, alioutamka yeye mwenyewe kabla mwingine hajautamka. Pamoja na hayo Abu Talha alikasirika, ingawa Mtume (S.A.W.) aliwaombea baraka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amebainisha katika al-Adhkar kwamba tauriya haina ubaya ikiwa ipo maslaha ya kisharia au haja isiyo na budi, na bila ya hayo ni makuruhu, na ikiwa ni njia ya batili huwa haramu. Basi inafaa mzazi amchelewesha mtoto mpaka jioni, au mpaka afike ami au bibi atakayempakata. Inafaa amwambie, "Kaa nami, nina habari nzito nitakupa." Haifai amfungulie mlango wa kungoja.

Na utaratibu wa kuambiana tumeupata katika kisa cha Bibi Fatma (r.a.). Katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimnong'oneza binti yake akalia, kisha akamnong'oneza tena akacheka. Baadaye alieleza kuwa mara ya kwanza alimpa habari kwamba atafariki, na mara ya pili kwamba yeye ndiye wa kwanza kumfuata katika watu wa nyumba yake. Fatma alikuwa mtu mzima, lakini hapa ni mzazi anayemwambia mwanawe habari ya mauti, na mpangilio ni wa kufuatwa: ukweli kwanza, kisha liwazo la kweli, katika kikao kimoja. Hakuachwa na kilio peke yake, wala hakupewa liwazo bila ya ukweli.

WANAYOSEMA MAFAKIHI

Tukigeukia fiqhi ya madhehebu yetu, tunaona mtoto hakuwekwa nje ya mlango wa jeneza. Katika Sahihi yake, Imamu Bukhari ameweka milango maalumu kuhusu safu za watoto pamoja na wanaume katika swala ya jeneza, kwa hadithi ya Ibn Abbas (r.a.), ambaye alisimama katika safu naye bado ni mtoto. Na mafakihi wa Kishafi wamekwenda mbele zaidi: faradhi kifaya ya kumswalia maiti huondoka kwa swala ya mtu mmoja mwanamume, hata akiwa ni mtoto mumayyiz, yaani mwenye kupambanua, ambaye kwa kawaida huwa na umri wa miaka saba hivi. Sharia imemwamini mtoto wa miaka saba kuubeba mji mzima katika haki ya maiti. Vipi sisi tumwone mdogo kuambiwa kwamba maiti huyo ni baba yake?

Kadhalika katika taazia. Imamu Nawawi ametaja kuwa ni sunna kuwaenea kwa taazia jamaa wote wa maiti, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, isipokuwa mwanamke kijana ambaye hupewa taazia na maharimu zake. Tazameni misibani kwetu. Watu huingia wakawapa mkono wazee waliokaa mkekani, wakasoma, wakaondoka. Mtoto wa marehemu yuko uani anacheza na mawe, hapana aliyempa mkono wala kumwombea dua mbele yake. Kwa kauli hii, sunna imetimizwa nusu.

Tena mafakihi na wanavyuoni wa itikadi wamekubaliana kuwa mtoto si mukallaf, kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Kwa hiyo hapana sababu ya kumtisha mtoto mdogo kwa adhabu za kaburi siku ya msiba. Ikiwa aliyekufa ni ndugu yake mdogo, habari yake ni njema. Nawawi amenukuu ijmai ya wanaotegemewa kuwa watoto wa Kiislamu wanaokufa ni wa Peponi, na katika Bukhari mna habari ya ndoto ya Mtume (S.A.W.) aliyomwona Nabii Ibrahim (A.S.) bustanini amezungukwa na watoto, na habari kwamba mwanawe Ibrahim anaye wa kumnyonyesha Peponi. Ama aliyekufa akiwa mtu mzima, tusikate shauri juu ya ghaibu. Alipofariki Uthman bin Madh'un (r.a.), Bibi Ummul-Alaa alishuhudia kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumkirimu, na Mtume (S.A.W.) akamfundisha kuwa tumtarajie kheri. Basi mtoto aambiwe, "Tunamwombea baba, na tunataraji rehema ya Mola." Maneno hayo ni kweli, na yanatosha.

VITABU VYA ZAMA ZA TAUNI

Tauni kubwa iliyofika Misri na Sham katikati ya karne ya 8 Hijria, mwaka 749 (1348), na zilizofuata baada yake, ziliwachukua watoto wengi. Wanavyuoni wakaandika vitabu mahususi vya kuwaliwaza wazazi. Muhammad al-Manbiji aliandika Tasliyatu Ahlil-Masaib. Ibn Nasiruddin wa Damaskasi, aliyefariki mwaka 842 Hijria (1438), aliandika Bardul-Akbad, yaani kuyapoza maini ya waliofiwa na watoto. Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria (1497), na Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), nao waliandika katika mlango huo. Hawakuandika kwa nadharia tu. Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari, alizika mabinti wawili katika tauni ya mwaka 819 Hijria, na binti mwingine katika ile ya mwaka 833, na katika miaka hiyo akatunga kitabu chake juu ya tauni, Badhlul-Ma'un.

Vitabu hivi ni hazina, lakini vinamsemesha mzazi aliyefiwa na mtoto. Mtoto aliyefiwa na mzazi hawezi kusoma kitabu. Kitabu chake ni mtu: mjomba, ami, bibi, mwalimu wa madrasa. Asiposemeshwa na mtu, hapana kingine cha kumsemesha. Imamu Shafi (r.a.) alikuwa yatima, akaletwa Makka na mama yake angali mdogo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alifiwa na baba yake, msokota sufi, yeye na nduguye Ahmad wakiwa wadogo, wakausiwa kwa rafiki wa baba aliyewasomesha. Wema wa mayatima hawa umetufikia sisi sote, kwa sababu kando yao walisimama watu waliowasemesha.

Ghazali katika Ihyaa ametupa pia kanuni ya kwenda daraja kwa daraja. Mtoto hupewa itikadi kwa kuihifadhi kwanza, kisha maana zikamfungukia kidogo kidogo anapokua. Na anapokaribia kubaleghe ndipo hufahamishwa siri za mambo: kwamba dunia haina makazi, na mauti hukata neema zake. Haya hayana maana kuwa mdogo afichwe. Maana yake ni kuwa ukweli ni mmoja na vipimo vyake ni vingi.

NAMNA YA KUMWAMBIA

Kutokana na yaliyotangulia, tunawausia wazazi na walezi haya. Aambiwe na aliye karibu naye zaidi, amekaa, ameshikwa. Litumike neno lenyewe: amekufa, amefariki. "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "amesafiri" humfanya awaogope wasafiri. Aelezwe kwa kadiri yake: mwili wake umezikwa, hatarudi duniani, nasi kila mmoja atafuata kwa muda aliopangiwa. Aambiwe kwamba si yeye aliyesababisha kwa utundu wake, maana watoto hulidhania hilo wasilitamke. Akiuliza, "Na wewe utakufa?", asijibiwe "hapana." Ajibiwe, "Kila nafsi itakufa. Leo niko nawe, nami nikiondoka yuko ami yako, yuko bibi yako." Hiyo ndiyo ile dhamana ya nyumba ya Ja'far. Wala isitamkwe pasina mtu wa kuitimiza, hasa katika karo, chakula na mali ya yatima.

Kisha apewe kazi. Imethibiti kuwa katika yasiyokatika kwa mwanadamu akifa ni mtoto mwema anayemwombea. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuihifadhi dua ya wazazi iliyomo katika Suratul Israa. Aliyefichwa mauti ya mama yake amenyimwa kazi hiyo, na mama amenyimwa dua ile kwa miaka mingapi?

La mwisho ndilo zito zaidi. Sisi wazazi na walimu ndio tunaomwambia mtoto habari za Mwenyezi Mungu, Malaika, Pepo na Moto, mambo asiyoyaona. Anatuamini kwa kuwa hajatushika na uongo. Siku atakapojua, na lazima atajua, tena mara nyingi kwa kinywa cha mtoto mwenziwe njiani, kwamba tulimwambia "amesafiri" na kaburi liko hatua chache kutoka msikitini, atayapima upya yote tuliyomwambia. Imani yake haifai kuwekwa rehani kwa utulivu wa jioni moja.

Basi tunawaomba maimamu, baada ya kutoka mavani, wamwulize walii wa marehemu: watoto wako wapi, na wameambiwa nini? Na kabla ya siku tatu kwisha, wawaendee, wawaite kwa majina yao, wawape mkono kama wanavyowapa wazee.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliotutangulia, awe badala yao kwa mayatima wao, na atujaalie kuwa wakweli kwa wadogo wetu na wakubwa wetu. Wabillahi tawfiq.